Mtungaji Aliyetaka Kuchoma Kitabu Chake

Nyanya alikuwa mgonjwa. Mama akamwambia mtoto wake, mwanafunzi wa darasa la tano: «Mwandikie mjomba wako aje upesi. Motokari ya mizigo inaondoka kesho alfajiri. Dereva ataichukua barua.»

Masomo yalipokwisha, mtoto akabaki darasani. Akaandika: «Mjomba mpendwa.» Akatazama. Herufi ya kwanza imepinda. Akapasua karatasi. Akaandika tena, sasa herufi ni nzuri, lakini maneno hayamfai mtu mkubwa kama mjomba. Akapasua. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amepasua karatasi tano, na habari ya nyanya haijaandikwa.

Mwalimu akaviokota vipande, akaketi karibu naye.

«Hujambo, Vergilius?»

«Sijambo, Mwalimu. Lakini Vergilius ni nani?»

Mwalimu akamsimulia. Vergilius alikuwa mtunga mashairi wa Waroma. Alizaliwa mwaka 70 kabla ya Kristu, karibu na mji wa Mantua, kaskazini ya Italia. Alitunga shairi la kazi za shamba: kulima, kupanda miti, kufuga ng'ombe na nyuki. Asubuhi alitamka mistari mingi ikaandikwa, kisha mchana kutwa aliipunguza, hata ikabaki michache. Alisema kwamba afanya kama dubu, mnyama mkubwa wa nchi za baridi. Watu wa kale walidhani dubu huzaa mtoto asiye na umbo, kisha humlamba mpaka apate kichwa na miguu. Shairi lile lina mistari 2,000 na zaidi kidogo, nalo lilimchukua miaka saba. Mwenye kujua hesabu agawanye: haupatikani hata mstari mmoja kwa siku!

«Lakini dubu huzaa kwanza, ndipo alambe,» mwalimu akasema.

Baadaye Vergilius alianza kitabu kikubwa, jina lake Aeneis. Ni habari za Aeneas, aliyekimbia mji wa Troya ulipokuwa ukiwaka moto, amembeba baba yake mabegani. Safari hii aliandika kwanza habari yote kwa maneno ya kawaida, akaigawa katika vitabu 12. Halafu akaanza kutunga mashairi. Alipofika mahali pagumu hakusimama. Aliweka mstari dhaifu, au nusu ya mstari, akaendelea mbele. Alisema kwa mchezo kwamba hiyo ni miti ya kutegemeza nyumba mpaka nguzo zenyewe zifike. Kila fundi wa nyumba ajua jambo hilo.

Baada ya miaka 11 kitabu kilikuwa na mistari karibu 10,000, lakini mwenyewe hakuridhika. Mwaka 19 kabla ya Kristu alikwenda Ugiriki, akikusudia kukitengeneza miaka mitatu tena. Huko akashikwa na ugonjwa kwa ajili ya jua kali. Akarudi kwa merikebu mpaka bandari ya Brundisium, akafa siku chache baadaye. Alipokuwa kitandani aliomba mara nyingi aletewe kitabu akichome moto. Hakuna aliyemletea. Kaisari Augusto, yule anayetajwa katika Injili ya Noeli, akaamuru kitolewe vile vile. Mistari iliyokatika nusu imo hata leo, yapita 50, na watu wamekisoma kwa miaka elfu mbili.

«Na kama wangalikichoma?» mtoto akauliza.

Mwalimu hakujibu. Akampa karatasi ya sita, akafunga kabati.

Mtoto akaandika kwamba nyanya hali chakula tangu Dominika, na mama anaomba mjomba aje. Neno moja hakujua kuliandika. Akaacha nafasi, akaendelea. Mwisho akarudi, akalijaza, akasahihisha makosa mawili. Barua ilikuwa na doa la wino pembeni.

Alfajiri dereva akaitia mfukoni. Jumamosi mjomba akafika.

Maswali. Mtoto alipasua karatasi ngapi, na kwa nini? Vergilius alifanya nini alipofika mahali pagumu? Mwandikie barua ndugu yako aliye mbali, kwa karatasi moja tu.