Baiskeli na Magari Wandegeya: Vidokezo 12 vya Kufika Salama Bila Kutukanana

Ukisimama kwenye taa za Wandegeya saa moja na nusu asubuhi, utadhani Kampala nzima imeamua kupita hapo kwa wakati mmoja. Taksi zinatoka Bwaise na Kawempe zikikimbilia mjini, bodaboda zinajipenyeza kila penye upenyo, wanafunzi wanavuka kuelekea lango kuu la Makerere, na gari la wagonjwa linapiga king'ora likitafuta njia ya Mulago. Katikati ya wote hao yupo mtu wa baiskeli, mikungu ya matoke imefungwa kwenye karia, anakanyaga pedali huku jasho likimtoka. Dereva aliye nyuma yake analalamika kwamba amezibiwa njia. Yeye analalamika kwamba gari limemkosakosa. Kila mmoja ana lake, na kila mmoja amechelewa.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sikubali. Ajali nyingi za barabarani zina kinga, na kinga nyingine haigharimu hata shilingi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Wanaokufa zaidi ni wale wasio na bati la kuwakinga. Ndiyo maana nasema sheria ni za wote, ila mwenye chombo kizito anadaiwa uangalifu mkubwa zaidi. Vidokezo hivi ni vya pande zote mbili. Usisome vya mwenzako tu.

1. Shika kushoto, popote ulipokulia

Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto. Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini wanaendesha kulia. Kama umefika kutoka Goma, Bukavu au Bujumbura kwa masomo au biashara, macho yako yamezoea kutazama upande usio wenyewe. Kabla ya kuingia barabarani tazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena.

Wapo pia wenye baiskeli wanaokwenda kinyume na magari kwa makusudi, wakisema ni afadhali walione gari linalokuja. Hesabu hiyo haifai. Dereva anayetoka kwenye barabara ya pembeni akitaka kuingia kushoto hutazama kulia, kwa sababu ndiko magari yanakotoka. Wewe unayetokea kushoto kwake hakuoni. Na mkigongana uso kwa uso, mwendo wako na wake vinajumlishwa.

2. Usipite kushoto kwa taksi inayosimama

Mlango wa taksi uko kushoto, na konda huufungua kabla gari halijatulia. Abiria naye anashuka na mfuko wake akiwaza kazini tu. Ukiwa umejipenyeza kati ya taksi na ukingo wa barabara, huna pa kukimbilia. Ukiona indiketa ya kushoto, au konda ametoa kichwa dirishani anatafuta abiria, punguza mwendo na usubiri nyuma. Kama ni lazima upite, tazama nyuma, nyoosha mkono wa kulia, kisha pita upande wa kulia ukiwa na nafasi.

Nawe konda, ndugu yangu, kabla ya kuvuta mlango chungulia nyuma. Unamwokoa mwenye baiskeli, na unamwokoa abiria wako pia.

3. Fungua mlango kwa mkono wa mbali

Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu, kuna mazoea mazuri ya kuiga. Aliye ndani ya gari hufungua mlango kwa mkono ulio mbali na mlango huo. Hapa kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo atumie mkono wa kushoto. Abiria wa upande wa kushoto atumie mkono wa kulia. Jaribu sasa hivi hapo ulipoketi: mwili wote unageuka, bega linazunguka, na macho yanajikuta yanatazama nyuma. Mwenye baiskeli unamwona kabla mlango haujampiga.

4. Ukimpita, mwachie mita moja na nusu

Mwongozo wa barabara wa Uingereza uliofanyiwa marekebisho Januari 2022 unamtaka dereva amwachie mwenye baiskeli angalau mita moja na nusu anapompita, na zaidi ya hapo akiwa kwenye kasi kubwa. Ni kipimo kizuri hata kwa Barabara ya Bombo. Mwenye baiskeli haendi mstari mnyoofu kama reli. Mbele yake kuna shimo, kuna chupa iliyovunjika, kuna mtu anayeshuka kutoka ukingoni ghafla. Akikwepa kidogo tu, nafasi ya kiganja uliyomwachia imekwisha.

Mwenye mzigo mwongezee. Mikungu ya matoke huning'inia pande zote mbili, na mkungu mmoja tu ukiguswa na kioo cha pembeni, baiskeli nzima inapinduka. Kama nafasi haipo, subiri. Unachopoteza ni sekunde chache, na huenda taa inayofuata ikawa nyekundu.

5. Mwenye baiskeli, usijibanze ukingoni

Ukiendesha ukiwa umegusa ukingo wa lami, unamwambia dereva kwamba nafasi ya kupita ipo hata kama haipo. Isitoshe, ukingoni ndiko kuna mitaro, mchanga na vifuniko vya mifereji vilivyobonyea. Jiweke umbali wa kama mita moja kutoka ukingoni, nenda mstari mmoja, usiyumbeyumbe. Njia ikiwa nyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kukupita salama, kaa katikati ya njia yako. Ikipanuka, sogea kushoto na uwaruhusu walio nyuma wapite. Ukitaka kugeuka, tazama nyuma kwanza, kisha nyoosha mkono mapema. Dereva hawezi kuheshimu nia asiyoijua.

6. Taa nyekundu ni nyekundu kwa wote, na askari yuko juu ya taa

Hakuna kinachowachoma madereva kama kuona baiskeli ikipita taa nyekundu wakati wao wamesimama. Wana haki ya kuchukia. Mwenye baiskeli anayepita taa nyekundu anahatarisha maisha yake, na anawapa madereva sababu ya kumdharau atakayekuja baada yake.

Mara nyingi Kampala utamkuta askari wa trafiki katikati ya makutano, amevaa sare nyeupe. Akiwepo, mkono wake ndio sheria, hata kama taa inasema vingine. Ukisikia king'ora cha gari la wagonjwa, sogea pembeni na usimame. Wenye gari, bodaboda na baiskeli wote wasilifuate gari hilo kwa nyuma kuiba njia. Aliyelala ndani anahitaji Mulago kuliko wewe unavyohitaji kuwahi.

7. Usisimame ubavuni mwa lori

Lori linapokata kona kwenda kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Hukata ndani zaidi, karibu na ukingo. Mwenye baiskeli aliyesimama hapo kwenye taa anajikuta kati ya bodi la lori na ukuta wa mtaro, na dereva aliyekaa juu upande wa kulia hana habari. Kanuni ni rahisi: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Rudi nyuma ya lori, au kama ulifika mapema, kaa mbele kabisa anapoweza kukuona.

8. Kukata kulia? Shuka usukume

Kukata kulia kwenye makutano ya Wandegeya kwa baiskeli ni kuvuka njia za magari yanayokuja mbele na yanayokuja nyuma kwa wakati mmoja. Kama hujazoea, usijilazimishe. Nenda moja kwa moja hadi ng'ambo, shuka, kisha vuka pamoja na waenda kwa miguu kwenye pundamilia. Utachelewa kidogo, utafika mzima. Kwenye njia ya waenda kwa miguu nako shuka usukume, maana wachuuzi na wanafunzi wameshaijaza, na wao wana udhaifu mbele yako kama ule ulio nao wewe mbele ya gari.

9. Honi si fimbo

Honi ni ya kuonya hatari. Kumpigia honi mtu anayesukuma gunia la makaa kupanda mlima wa Makerere hakumwongezei nguvu. Kunamshtua tu, na mtu aliyeshtuka huyumba. Mpe nafasi, mpite polepole. Mkifika kwenye taa mkawa bega kwa bega, neno moja la heshima hufanya kazi kubwa: "Ssebo, naomba nipite kushoto." "Pita, ssebo." Nimeona ugomvi uliokuwa unaanza ukizimwa na hilo tu. Kwa mama anayeendesha, ni "nnyabo". Ukikosewa, pumua, pita, nenda zako.

10. Weka simu chini, hasa barabara ikiwa wazi

Kwenye jam hatari ni milango na kona. Usiku na Jumapili asubuhi hatari ni kasi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama ujumbe wa WhatsApp kwa sekunde mbili, umeendesha mita 28 ukiwa kipofu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Mwenye baiskeli naye atoe spika masikioni, kwa sababu mlio wa injini nyuma yake ndio kioo chake cha pembeni.

11. Giza na mvua: onekana

Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kiakisi mwanga kwenye pedali au mgongoni. Gharama yake haifikii gharama ya plasta moja ya mguu. Kagua breki kabla ya kuondoka, si ukiwa tayari unateremka.

Msimu wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, maji hufunika mashimo na mitaro, hasa upande wa Kalerwe na Bwaise ambako mafuriko si jambo geni. Mwenye baiskeli, usiingie kwenye dimbwi usilojua kina chake. Dereva, ukiona maji mbele, tarajia kwamba aliye mbele yako atakwepa, na umwachie nafasi kabla hajakwepa.

12. Ajali ikitokea, hekima kwanza

Simamisha magari, mlinde majeruhi, usimvutevute, maana shingo au mgongo ukiwa umeumia unaweza kumzidishia madhara. Piga 999 au 112. Kituo cha polisi kipo hapohapo Wandegeya, na hospitali ya rufaa ya Mulago haiko mbali. Usikubali umati umpige dereva. Kipigo hakimtibu aliyeumia, na kinamfundisha dereva mwingine kukimbia badala ya kusimama.

Andika namba ya gari, kisha soma stika ya bima kwenye kioo cha mbele. Uganda kila gari linatakiwa kisheria kuwa na bima ya kuwafidia watu wa nje, na mwenye baiskeli aliyegongwa ni mmoja wao. Wengi hawalijui hilo, wanakubali pesa ya soda na kuondoka wakichechemea.

Na barabara yenyewe?

Adabu peke yake haitoshi, kwa sababu mengi ya magomvi haya yanaletwa na barabara iliyojengwa kana kwamba baiskeli hazipo. Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ya Uganda ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikitambua kwamba wanaotembea na wanaoendesha baiskeli wana haki ya kutengewa nafasi. Mjini, mamlaka ya jiji, KCCA, ilijaribu kuitekeleza kwenye Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kwa kutenga njia za miguu na baiskeli. Kwa hiyo jambo linawezekana, na Wandegeya, penye chuo kikuu, soko na hospitali kwa pamoja, inastahili njia kama hiyo.

Kuna madereva watakaosema wenye baiskeli hawalipi kodi ya barabara. Kila anayenunua bidhaa dukani yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 amechangia, awe na Prado au baiskeli. Kwa hiyo tuidai njia hiyo pamoja. Njia ya baiskeli ikitengwa, dereva naye anaondolewa hofu ya kumgonga mtu. Lipelekeni suala hili kwa mwenyekiti wa mtaa wenu (LC1), kwa diwani, na kwa KCCA wanapoita wananchi kutoa maoni kuhusu barabara.

Wakati tunasubiri, anzeni na machache kesho asubuhi. Dereva, mita moja na nusu, na mkono wa mbali kwenye mlango. Mwenye baiskeli, kushoto mwa barabara, nyuma ya taksi inayosimama, na kusubiri taa kama wengine. Konda, chungulia kabla ya kuvuta mlango. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti ya serikali.