Graf Zeppelin, Manowari Isiyomalizika

Manowari ya kuchukua ndege si kama manowari nyingine. Nguvu yake haimo katika mizinga, bali katika ndege ziondokazo juu ya sitaha yake ndefu na kurudi kutua papo hapo, katikati ya bahari, mbali na kiwanja chochote. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza, Wamarekani na Wajapani walikuwa na meli za namna hii. Wajerumani, ijapokuwa walikuwa mafundi hodari wa kuunda vyombo, hawakupata hata moja iliyo tayari kwa vita.

Mkuku wa meli yao uliwekwa katika bandari ya Kiel tarehe 28 Desemba 1936, na tarehe 8 Desemba 1938 ikashuliwa majini, Hitler mwenyewe akiwapo. Ikaitwa Graf Zeppelin, kwa heshima ya yule Mjerumani aliyeunda vyombo vikubwa vya kuruka angani vilivyojazwa gesi; naye binti yake ndiye aliyeipa jina. Urefu wake ulikuwa zaidi ya mita 262, yaani kupita viwanja viwili na nusu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Ilikusudiwa kuchukua ndege 42.

Lakini ndege hizo zingekuwa za nani? Mkuu wa manowari, Amirali Raeder, alitaka ziwe chini ya amri yake. Goering, mkuu wa jeshi la anga, hakukubali kamwe kitu chochote kirukacho kitawaliwe na mtu mwingine. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na ugomvi huu ukaidhuru meli tangu mwanzo wake.

Vita vilipoanza mwaka 1939, chuma na mafundi vilihitajiwa zaidi kwa kuunda nyambizi. Meli ya pili ya namna hiyo, iliyokuwa imeanzwa papo hapo Kiel, ikavunjwa mwaka 1940 ingali kwenye kiunzi chake. Mwaka huo huo kazi ya Graf Zeppelin ilisimamishwa. Mizinga yake ikang'olewa na kupelekwa Norway kulinda pwani, na meli ikavutwa mpaka Gdynia, bandari ya Poland waliyokuwa wameiteka. Huko ikafanywa ghala ya mbao! Ni vigumu kufikiri chombo cha gharama kubwa namna ile kilichopata kazi duni kuliko hiyo.

Ndipo mwezi wa Mei 1941 likatokea jambo la kuwafungua macho. Manowari kubwa ya Kijerumani, Bismarck, ilikuwa ikikimbilia Ufaransa. Ndege kutoka manowari ya Kiingereza Ark Royal zikaifuata. Zilikuwa ndege za mtindo wa zamani, zenye mabawa mawili mawili yaliyovikwa kitambaa, na mwendo wake ulikuwa wa polepole. Lakini topido moja iligonga penye usukani, na Bismarck ikawa haiwezi tena kushika njia yake. Siku ya pili, tarehe 27 Mei, ikazama. Haikuwa na ndege za kivita za kuilinda.

Mwaka 1942 Hitler akaamuru Graf Zeppelin imalizwe, nayo ikarudishwa Kiel mwezi wa Desemba. Ila wakati ulikuwa umekwisha kupita. Ndege zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa zimekuwa za kizamani, na Goering hakuwa na haraka ya kutoa nyingine. Siku ya mwisho ya mwaka huo manowari za Kijerumani zilishindwa na Waingereza kaskazini mwa Norway. Hitler akaghadhibika, akaamuru meli kubwa ziondolewe. Raeder akajiuzulu, na mwanzoni mwa 1943 kazi ikakoma kabisa.

Meli ikavutwa tena, mpaka Stettin, ikakaa huko miaka miwili. Mwezi wa Aprili 1945, majeshi ya Urusi yalipokaribia, Wajerumani wenyewe waliilipua ikakaa chini penye maji machache. Warusi wakaiopoa, na mwezi wa Agosti 1947 wakaifanya shabaha ya kujaribia mabomu na topido katika bahari ya Baltiki, hata ikazama.

Mahali ilipolala hapakujulikana kwa watu wengi kwa karibu miaka 60. Mwezi wa Julai 2006 meli ya kampuni ya mafuta ya Poland, Petrobaltic, ilipokuwa ikipima sakafu ya bahari, iligundua chombo kikubwa mno katika kina cha zaidi ya mita 80. Manowari za Poland zikapeleka vyombo vya kuchunguza chini ya maji, na ikathibitika kuwa ni Graf Zeppelin.