Ukitembelea Shule ya Mtaa wa Mabanda, Anzia Ofisini

Shule za wafadhili za Kibera, Mathare na Mukuru hupata wageni wengi: watalii wanaopitia Nairobi, vijana wa makanisa ya ng'ambo, wafanyakazi wa kampuni waliotengewa siku moja ya kuhudumia jamii. Wengi huja kwa nia njema, nami siibezi nia hiyo. Ila nia njema peke yake haimwambii mtu la kufanya akishafika langoni. Ndiyo maana namshauri kila anayepanga ziara ajiulize swali moja kabla ya kila hatua: je, ningekubali mgeni afanye hivi katika shule ya mwanangu? Shule za mitaa ya kitajiri kama Karen au Lavington hazimruhusu mtu zisiyemjua afungue mlango wa darasa katikati ya somo la hesabu, awabebe watoto na kuwapiga picha. Kama huko ni mwiko, ufukara wa wazazi wa Mathare hauwezi kuugeuza mwiko huo kuwa fadhila.

Swali hili lina uzito kwa sababu hizi ni shule kamili, zilizozaliwa na pengo halisi. Kenya ilianza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kuipata. Hata hivyo shule za umma zilizo karibu na Kibera, kama Olympic na Ayany, ziko pembezoni mwa mtaa, wala haziwezi kuwabeba watoto wote. Makanisa, vikundi vya jamii na wafadhili wakajenga madarasa ya mabati pale familia zinapoishi. Serikali huziweka shule hizi katika mfumo unaojulikana kama APBET, yaani utoaji mbadala wa elimu na mafunzo ya msingi, na mwaka 2015 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kuzisajili. Zina ratiba, zina mtaala na mitihani, na wazazi wengi hutoa karo ndogo au pesa za chakula kutoka vibarua vyao. Anayeyajua haya ataingia kwa adabu ya mtu aliyefika kazini kwa wenzake.

Adabu hiyo huanza na miadi. Mwandikie mwalimu mkuu wiki kadhaa mapema, useme mko wangapi na mnataka nini, kisha umwachie yeye achague siku. Epuka wiki ya mitihani na siku za kufungua muhula, maana hapo walimu hawana nafasi ya kupumua. Njooni wachache. Mkifika, anzieni ofisini, mtie sahihi katika kitabu cha wageni, mtembezwe na mtu aliyeteuliwa na shule. Saa ya chakula cha mchana, siku ya michezo au siku ya wazazi inafaa kuliko saa ya masomo. Ukitaka kukaa na watoto kwa siku nyingi kama mtu wa kujitolea, beba cheti cha polisi cha mwenendo mwema hata kama hukuombwa. Shule isiyokiomba ikupe wasiwasi.

Ndani ya shule, tazama mambo ambayo mzazi makini angeyatazama. Walimu wanalipwa kila mwezi au fedha zikipatikana? Vyoo vinatosha, na vya wasichana vinafungika? Darasa lina mlango wa pili wa kutokea? Septemba 2019 jengo la shule moja huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa darasani, wanane wakafariki. Tangu hapo hakuna anayeweza kudai kuwa kuuliza juu ya nguzo na sakafu ni kujitia kimbelembele. Uliza pia kuhusu ardhi. Julai 2018 bomoabomoa ya kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata iliangusha nyumba na shule za Kibera. Majibu ya maswali haya yatakueleza hali ya shule kuliko nyuso za watoto zitakavyokueleza.

Kuhusu picha, pingamizi nalijua: bila uso wa mtoto, mchango hauji. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha zikiwemo, na inataka maslahi ya mtoto yalindwe. Nami naongeza kwamba idhini inayoombwa na mfadhili anayelipa karo si idhini huru, kwa kuwa mama anayemtegemea mfadhili hawezi kukataa kwa urahisi. Piga picha jengo, jiko, madaftari, au mwalimu aliyekubali. Andika gharama ya sahani moja ya githeri na idadi ya sahani zinazopakuliwa kwa siku. Mchangiaji makini ataelewa.

Wengine watasema watoto hufurahia wageni, na wahenga walinena mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, watoto hufurahi. Lakini mwenyeji hapimwi kupona kwa furaha ya saa moja, na peremende zinazogawiwa langoni huwafundisha kumtazama kila mgeni kwa mikono yake. Zawadi zipitie ofisini, na sare zishonwe na fundi wa mtaani ili pesa ibaki hapo hapo. Ukarimu wa wageni unaweza hata kuzaa biashara: Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, kukiwa na hofu kwamba watoto walikuwa wakitumiwa kuvuta fedha za wafadhili. Shule si makao ya yatima, lakini palipo na pesa inayofuata machozi, kishawishi ni kile kile.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo lina nguvu: anayetoa ana haki ya kuona pesa yake ilikokwenda. Nakubali. Haki hiyo hutimizwa na hesabu zilizokaguliwa, risiti za unga, orodha ya mishahara na mazungumzo na kamati ya wazazi, na unapaswa kuyadai bila haya. Mtoto hapaswi kusimamishwa mbele yako kama risiti. Ukishaondoka, chagua jambo ambalo shule yenyewe imeliomba, kwa mfano mshahara wa mwalimu mmoja kwa mwaka mzima, ulipe kupitia akaunti ya shule, na uombe ripoti kila muhula. Walimu wengi wa shule hizi huhama kwa kukosa mshahara, na kila anayehama huliacha darasa lianze upya na mtu asiyewajua wanafunzi. Kumbakisha mwalimu mmoja kuanzia Januari hadi shule zifungwe mwishoni mwa mwaka ni msaada ambao mzazi yeyote, wa Karen au wa Mathare, angeuchagua kwa ajili ya mwanawe.