Breki ya Mkono Ndani ya Diski: Kubadilisha Viatu vya Breki vya Corvette la Zamani

Breki inayosimamisha gari na breki inayolishika gari lililokwisha simama zina kazi mbili tofauti, ingawa mara nyingi tunazitaja kwa neno moja. Ya kwanza hupambana na nishati ya mwendo na kuigeuza kuwa joto. Ya pili haitoi joto lolote, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Kazi yake ni kushika tu, kwa saa au siku nyingi, pasipo mtu kukanyaga kitu. Katika makala haya tutaitazama hiyo ya pili kwa kutumia mfano wa gari moja la michezo la Marekani, Chevrolet Corvette la miaka ya 1965 hadi 1982. Tumelichagua gari hili kwa sababu katika magurudumu yake ya nyuma breki hizo mbili zimewekwa katika kipande kimoja cha chuma, na fundi anayeitengeneza moja bila kuielewa anaweza kuiharibu nyingine.

Hadi 1964 Corvette lilitumia breki za ngoma, yaani dramu, katika magurudumu yote manne. Mwaka 1965 likaanza kutengenezwa na diski kila gurudumu. Diski hupoa upesi, lakini kalipa inayoibana husukumwa na mafuta ya breki, na mafuta hayafai kuachiwa kazi ya kushika gari usiku kucha: yakivuja kidogo tu, gari litaondoka. Kwa hiyo wahandisi hawakuiacha ngoma kabisa. Sehemu ya kati ya diski ya nyuma imebonyea mfano wa sufuria ndogo, na ndani ya sufuria hiyo vimefichwa viatu viwili vya breki vinavyotanuliwa kwa waya utokao kwenye mkono wa breki.

Tupime sasa ukubwa wa kazi ya viatu hivyo. Tuchukulie gari lina uzani wa kilo 1,500 na limeegeshwa kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 5 za urefu wa barabara. Kani inayolivuta kushuka ni 1,500 × 10 × 1/5, yaani nyutoni 3,000. Nusukipenyo cha gurudumu ni kama mita 0.33, kwa hiyo momenti ya kuzuiwa ni karibu nyutoni-mita 1,000, ambazo magurudumu mawili ya nyuma yatagawana 500 kila moja. Lakini nusukipenyo cha ngoma iliyomo ndani ya diski ni kama mita 0.08 tu. Gawanya 500 kwa 0.08, utapata kwamba kani ya msuguano katika kila ngoma lazima ifikie nyutoni 6,250. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kani inayolivuta gari zima! Udogo wa ngoma ndio unaogharimu.

Ikiwa uwiano wa kani ya msuguano na kani inayobana ni 0.4, kama ilivyo kwa viatu vizuri vilivyo vikavu, kila ngoma inahitaji kubanwa kwa kani ya nyutoni 15,600 hivi. Mkono wa dereva hauna kani hiyo. Unasaidiwa na nyenzo, na pia na ngoma yenyewe: inapojaribu kuzunguka hukiburuta kiatu cha kwanza na kukikaza, nacho hukisukuma cha pili. Sasa mafuta au grisi ikipenya ndani na kuushusha uwiano ule hadi 0.1, mwanafunzi akokotoe mwenyewe kani itakayohitajika, kisha ajiulize kama angelala chini ya gari hilo.

Jambo la kushangaza ni kwamba viatu hivi ni nadra kufa kwa kulika. Vinashika gari lililosimama, hivyo havisuguliwi. Adui wao ni kutu. Gari la aina hii siku hizi hutunzwa bandani miezi mingi, na unyevu hula springi, pini na nyenzo ndogo inayovutwa na waya, mpaka kiatu kinaganda mahali pake au lainingi, yaani tabaka la kusugua, linabanduka kutoka kwenye chuma. Kwa sababu hiyo wenye magari haya wengi hununua vifaa vya ndani vilivyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, badala ya vya chuma cha kawaida vilivyotoka kiwandani. Kwa maoni yangu fedha hiyo haipotei.

Kabla ya kuanza, gari lisimame mahali tambarare na magurudumu ya mbele yatiwe kabari mbele na nyuma, maana breki ya mkono inalegezwa na haitafaa kitu. Gari liinuliwe kwa jeki, kisha likae juu ya stendi imara. Vumbi la ndani lisipulizwe hata kidogo. Lainingi za zamani zilikuwa na nyuzi za asbesto, ambazo huleta saratani ya mapafu. Vumbi hilo lilowanishwe na kufutwa kwa kitambaa. Kalipa ikifunguliwa ifungwe kwa waya mahali pa juu, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta.

Hapo ndipo fundi hukutana na tatizo lenyewe. Kiwandani diski ya nyuma ilipigwa ribiti kwenye bamba la kitovu cha gurudumu, kisha vikachongwa vikiwa pamoja ili diski izunguke bila kuyumba. Kuitoa kunahitaji kutoboa vichwa vya ribiti kwa keekee, katikati kabisa, bila kuligusa bamba. Diski ikitoka, ule unyoofu wa kiwandani umevunjwa. Ndiyo maana, kabla ya kuitoa, lazima utie alama moja kwenye diski na nyingine kwenye bamba, ili ukirudisha vikutane palepale.

Je, kosa dogo lina uzito gani? Tuchukulie bamba lina kipenyo cha sentimita 15, na punje ya kutu yenye unene wa milimita 0.1 imebaki kwenye ukingo wake. Diski ina kipenyo cha sentimita 30 hivi. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, ukingo wa diski utayumba milimita 0.2, na kiasi kinachoruhusiwa katika gari hili ni karibu milimita 0.13 tu. Kalipa ya Corvette imefungwa imara, na ina pistoni nne ambazo springi huzisukuma daima kuelekea diski. Diski inayoyumba huzisukuma pistoni hizo ndani na nje kila mzunguko, na kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa mizunguko ni kama 13 kila sekunde. Sili zake zinageuka kuwa pampu ya kuvuta hewa. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Siku moja dereva anakanyaga pedali nayo inazama. Aliyebadilisha viatu vya breki ya mkono hatadhani kwamba yeye ndiye aliyeharibu breki ya mguu.

Basi nyuso zote mbili zisuguliwe hadi ziwe chuma kitupu, diski irudishwe kwenye alama yake, ikazwe kwa nati za gurudumu, na kuyumba kwake kupimwe kwa kipimo chenye uso kama wa saa. Ikizidi kiasi, jaribu kuihamisha tundu moja mbele na upime tena.

Kuvipachika viatu vyenyewe ni kazi ya subira zaidi kuliko elimu, kwa kuwa bamba la kitovu huziba njia na vidole hufanya kazi gizani. Marekebisho ndiyo yanayokosewa sana. Waya ubaki umelegea kwanza. Kupitia tundu la diski, zungusha kwa bisibisi kile kigurudumu chenye meno mpaka diski igome kuzunguka, kisha urudishe nyuma meno 6 hadi 8. Baada ya hapo tu ndipo waya ukazwe. Wengi hugeuza mpangilio huu. Ikiwa nyenzo zote huzidisha kani mara 50, basi kila milimita 1 ya nafasi iliyoachwa kati ya kiatu na ngoma hula sentimita 5 za mwendo wa mkono. Kukaza waya huificha nafasi hiyo, lakini hakuiondoi.

Kiatu kipya hugusa ngoma kwa sehemu chache tu. Endesha polepole mahali pasipo magari, vuta breki ya mkono kidogo kwa mita mia kadhaa, acha ipoe, kisha rudia. Jaribu gari kwenye mteremko huku mtu akiwa tayari kukanyaga breki ya mguu. Baada ya safari ya kwanza ndefu, kanyaga pedali hiyo na uisikilize kwa mguu: ikiwa imekuwa laini kuliko jana, fungua gurudumu na uanze tena kwenye zile alama.