Kuwahesabu Samaki Wachanga wa Pwani: Masuali na Majibu

Katika ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, na katika ghuba ya Gazi iliyo kusini ya Mombasa, maji yanapokupwa huonekana wazi jinsi mikoko, majani ya bahari na matumbawe yanavyoandamana kutoka nchi kavu hata kwenye kina, na ndani ya maji hayo ndimo wanamokulia wengi wa tasi, changu na pono ambao baadaye huvuliwa na watu wa pwani. Ghuba hizi mbili zimechunguzwa na wanazuoni wa bahari kwa miaka mingi. Yafuatayo ni majibu ya mtaalamu wa samaki kwa masuali ambayo wavuvi na wasomaji aghalabu huyauliza juu ya kazi ya kuwahesabu samaki wachanga.

SUALI: Kwa nini mwahesabu samaki wasiokuwa na thamani sokoni, ilhali wakubwa wanaletwa dikoni kila siku na wangeweza kuhesabiwa hapo bila ya taabu?

JAWABU: Wa dikoni nao huhesabiwa, na ni wajibu wahesabiwe. Lakini samaki aliyekwisha kufika dikoni hutupa habari za zamani, yaani hutwambia jinsi mwaka aliozaliwa ulivyokuwa mwema au mbaya, na tunapoisikia habari hiyo fursa ya kutenda jambo imekwisha kupita. Aliyelibainisha hili kwa yakini ni Johan Hjort, mtaalamu wa Norwei, ambaye katika maandiko yake ya mwaka 1914 alionyesha ya kwamba heringi waliozaliwa mwaka mmoja tu, yaani 1904, ndio waliokuwa sehemu kubwa ya mavuvi ya nchi yake kwa miaka mingi mfululizo. Samaki jike hutaga mayai kwa malaki, na takriban yote hupotea, ama kwa njaa, ama kwa kuliwa, ama kwa kuchukuliwa na mkondo hata mahali pasipokuwa na malisho. Kwa hiyo tafauti ndogo katika majuma hayo ya mwanzo huweza kuwa tafauti kubwa ya riziki baadaye. Samaki akishavuka hatari hizo na kutua kwenye majani ya bahari, hapo ndipo inapofaa ahesabiwe, maana idadi yake sasa ina maana.

SUALI: Kazi yenyewe hufanywaje?

JAWABU: Njia ni nyingi, na kila moja ina upungufu wake. Mzamiaji huweza kuogelea juu ya kamba iliyonyoshwa chini, akawaandika samaki wote awaonao kulia na kushoto katika upana uliowekwa. Njia hii haimdhuru samaki, bali hutaka maji maangavu, na maji ya mikokoni aghalabu ni ya tope. Mtego wa taa, ambao Peter Doherty aliueleza mwaka 1987 kutokana na kazi yake huko Australia, huwavuta usiku wale viluwiluwi wanaokaribia kutua. Kamera yenye chambo huwaona wanaomwogopa mtu, lakini huwaona zaidi walao nyama kuliko tasi alaye majani. Na iko nyavu ndogo ya macho membamba ikokotwayo kwa mkono, ambayo katika maji mafupi yenye majani hakuna njia iliyo sawa nayo.

Fauka ya hayo, wachache huchukuliwa ili watazamwe vijiwe vya masikio yao. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba kijiwe hicho huongezeka tabaka moja kila siku, na kwa hivyo mtu akikisugua hata kikawa chembamba na kukitia chini ya hadubini, huweza kuhesabu siku za samaki tangu kuzaliwa kwake, akajua mwezi ulikuwa mwandamo au mpevu, na kama ilikuwa kaskazi au kusi. Mimi sijui katika elimu yetu jambo linalonistaajabisha zaidi ya hili.

SUALI: Juya limepigwa marufuku, na wenzetu wamechukuliwa nyavu zao. Mbona nyinyi mnakokota?

JAWABU: Suali hili ni la haki, na mtafiti asiyelijibu waziwazi hastahiki kuaminiwa. Kenya ililiharimisha juya mwaka 2001, na sheria za Tanzania Bara na za Zanzibar nazo zinalikataza, kwa sababu hukwangua majani, huvunja matumbawe, na huzoa kila kilichomo, mchanga kwa mpevu. Nyavu ya mtafiti ni fupi, hukokotwa kwa idhini, mara moja au mbili tu katika kituo kilichoandikwa, na samaki hutiwa katika ndoo za maji, wakapimwa upesi na kurudishwa wangali hai. Hata hivyo wako wafao, na idadi yao yapasa iandikwe katika daftari pamoja na ya wazima, na wazee wa diko waelezwe kabla ya nyavu kugusa maji, wala si baada ya watu kunung'unika.

SUALI: Mkiwakuta samaki wachanga wengi mikokoni, je, huo si ushahidi kwamba mikoko ndiyo inayowalea?

JAWABU: Ni dalili, si ushahidi kamili. Mwaka 2001 wataalamu kadhaa wa Marekani waliweka mizani iliyo kali zaidi: mahali paitwe malezi ya samaki pale tu ambapo kila kipande cha eneo lake huwatoa samaki wanaofikia utu uzima kwa wingi kuliko wastani wa mahali penginepo wanapokulia. Kuwaona wengi hakutoshi. Yumkini wote wakaliwa humo humo. Katika Karibi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba baadhi ya samaki wa miamba walizidi maradufu kwa uzito pale miamba ilipopakana na mikoko mingi, na watu wengi wameuchukua mfano huo wakauleta kwetu kama ulivyo.

Lakini bahari ya Karibi hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana, na mizizi ya mikoko yao imo majini mchana na usiku. Bamvu la pwani yetu huinua maji mita tatu hata nne, nayo yakipwa, chini ya mikoko hubaki tope tupu, na kila samaki aliyekuwamo hana budi kutoka aende kwenye mikondo na majani ya bahari, kisha arudi maji yakijaa. Kwetu, basi, mikoko na majani ni nyumba moja yenye vyumba viwili, na atakayehifadhi kimoja akakiacha kingine kiharibiwe hajahifadhi kitu. Hii ndiyo sababu ninapenda, kila wanapohesabiwa samaki katika mikoko iliyopandwa upya, kama ile ya Gazi iliyoanza kupandwa miaka ya 1990, majani yaliyo mbele yake nayo yahesabiwe siku hiyo hiyo.

SUALI: Mwahitaji miaka mingapi?

JAWABU: Mwaka mmoja haufundishi kitu, na miaka mitatu, ambayo ndiyo muda wa msaada mwingi wa fedha, hufundisha kidogo. Kwenye pwani ya kusini ya Norwei, kituo cha Flødevigen kimekokota nyavu ya ufukweni tangu mwaka 1919, kila mwaka kiangazi cha huko kinapokwisha, kwa nyavu ya namna moja na kwa taratibu ile ile. Kituo hicho kiliundwa mwaka 1882 na nahodha Dannevig ili kuangua samaki na kuwatia baharini, na zikazuka hoja kali baina yake na Hjort kama kazi hiyo ina faida. Hoja hizo zimekwisha zamani, na hesabu ingali ikiendelea. Maradhi yalipoyaua majani ya bahari ya Atlantiki ya kaskazini katika miaka ya 1930, daftari lile lilikuwapo tayari kuonyesha jinsi samaki wachanga walivyopungua pamoja nayo. Sisi miamba yetu iliungua kwa joto mwaka 1998, na mahali pengi hatukuwa na daftari la samaki wachanga la kulinganisha kabla na baada.

SUALI: Mvuvi asiyekuwa na hadubini afanye nini?

JAWABU: Achague mkondo mmoja au pwani moja, ashike mtego mmoja usiobadilishwa macho, na atege siku ile ile ya mwezi na maji yale yale, kwa kuwa hesabu ya bamvu hailingani na hesabu ya maji mafu. Ampime kila tasi na kila changu kwa ubao wenye alama za sentimita, amrudishe majini, na aandike tarehe, hali ya maji, upepo na idadi, hata siku asipopata samaki. Siku hizo tupu ndizo watu wengi wasizoziandika, na bila ya hizo hesabu nzima hupotoka. Daftari liwe na nakala mbili, moja kwa kamati ya diko na moja kwa afisa wa uvuvi, na anayesafiri amwachie mwingine ubao na mtego kabla hajaondoka.