Snapshoti si ghala, mdogo wangu

Swali linalonijia sana siku hizi kutoka kwenu vijana wa Walikale na Masisi si la mapenzi. Ni la diski iliyojaa. Umeweka VirtualBox kwenye laptopu, ndani yake ukajenga mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ya kujifunzia DHIS2, ule mfumo ambao Kongo inakusanyia takwimu zake za afya, maana unatamani siku moja ofisi ya zoni ya afya ya Itebero au Pinga ikuite kazini. Umefanya vizuri, na yaya wako anajivuna. Kisha mtu akakwambia: kabla ya kugusa chochote, piga snapshoti. Nawe ukapiga, ukapiga tena, hukufuta hata moja. Sasa laptopu inajikokota na wewe hulali. Tulia. Si wewe wa kwanza.

Wengi wenu mnaamini kwamba snapshoti ni nakala nzima ya mashine. Siyo, na hapo ndipo makosa mengine yote yanapozaliwa. Ukipiga snapshoti, faili la diski linafungwa lisiandikwe tena, na kila kinachobadilika kuanzia hapo kinaandikwa kwenye faili jipya linalobeba tofauti tu. Mfikirie muuguzi wa kituo cha afya aliyefunga rejista, akaendelea kuandika kwenye karatasi za pembeni. Akitaka kurudi pale alipofungia, anazichana karatasi. Akiridhika na kazi, anayahamishia yaliyomo kwenye rejista. Lakini rejista ikiungua, karatasi peke yake zitamsaidia nani? Ndiyo maana kupiga snapshoti ya mashine iliyozimwa ni kazi ya sekunde chache: hakuna kilichonakiliwa. Ikiwa inawaka, hali ya RAM nayo inahifadhiwa, kwa hiyo utangoja zaidi na nafasi italiwa zaidi.

Sasa fungua folda ya mashine yako, uingie kwenye ile inayoitwa Snapshots. Utakuta mafaili ya vdi yenye majina marefu, herufi na tarakimu zimechanganyika ndani ya mabano, mengine yana giga kadhaa. Ukiyaangalia unadhani ni takataka. Mdogo wangu, usiyaguse! Kila moja linategemea lililolitangulia, na ukilitupa moja kwa mkono, mnyororo wote unakatika na mashine inakataa kuwaka. Wangapi wamelia hapo, kwa kuwa walitaka kupata nafasi ya sinema moja tu.

Cha ajabu ni kwamba hao wanaothubutu kufuta faili kwa mkono ndio wanaoogopa kitufe kilichoandikwa Supprimer ndani ya programu yenyewe. Wanadhani kazi yao ya leo itapotea. Haipotei. Ukifuta snapshoti kwa kitufe hicho, tofauti zinaunganishwa na diski iliyo nyuma yake, na unachokipoteza ni uwezo wa kurudi kwenye ile siku, basi. Ila kazi hiyo huchukua muda, na inataka nafasi ya kupumulia kwenye diski. Usingoje ijae mpaka shingoni.

Na usizifuge. Faili la tofauti linakua kila unapoandika, na laweza kufikia ukubwa wa diski yote ya mashine pepe. VMware wenyewe, wanaouza teknolojia hii kwa makampuni makubwa, wanaruhusu mnyororo wa snapshoti 32, lakini wanashauri ziwe 2 au 3 tu, na moja isikae zaidi ya saa 72. Hao wana seva za kifahari. Wewe una laptopu ya mtumba na paneli moja ya sola, unataka kuwashinda?

Lakini diski kujaa ni maumivu madogo. Nisikilize vizuri hapa. Jumatatu unapiga snapshoti, unasasisha programu, inaonekana sawa. Unaanza kuingiza ripoti za malaria, za chanjo, za akina mama waliojifungua, siku nzima, hadi Ijumaa. Ijumaa jioni unagundua kuna kitu kilivunjika tangu Jumatatu. Kwa hasira unarudisha. Na wiki nzima imeyeyuka, kwa kuwa mashine haijui kuchagua: inarudi Jumatatu na kila kitu chake, ubaya na wema. Haraka haraka haina baraka. VirtualBox inapokuuliza kama ihifadhi kwanza hali ya sasa, usikatae kwa uvivu. Bora zaidi, toa data zako nje ya mashine kabla ya kurudi nyuma, na siku ya kusasisha jaribu kila kitu palepale, kabla hujaandika hata mstari mmoja mpya.

Tena kuna hili la kwetu, ambalo wanaoandika vitabu vya kompyuta hawalifikirii. Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale-centre, waliokimbia hawakubeba meza. Snapshoti zako zote zinakaa kwenye diski ileile ya mashine yenyewe: ikiibiwa, ikilowa, ikifa, zimekwenda pamoja nayo. Kitu cha kukimbia nacho ni nakala kamili. Zima mashine pepe, uihamishe nje kama faili moja la ova, uliweke kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale nyumba moja na laptopu. Mwachie shangazi, au mtu wa parokia unayemwamini. Kama ndani kuna majina ya wagonjwa, ifunge kwa nenosiri, na huyo shangazi usimpe nenosiri hata akinuna.

Wewe uliyeniandikia jana usiku, una snapshoti 11, batri imebaki asilimia 20 na unataka kuzifuta zote kabla ya kulala: hapana. Umeme ukikatika katikati ya kuunganisha, waweza kuiharibu diski yenyewe. Zima, lala. Kesho jua likishawaka vizuri na batri imejaa, toa nakala kamili kwanza, halafu uzifute moja moja, na uiache kila moja imalize.