Umefilisika, nyumba imechukuliwa: kodi ya halmashauri

Kwa walioko Uingereza: mara tu benki inapochukua nyumba, iandikie halmashauri na utaje tarehe. Nyumba tupu iliyo mikononi mwa mkopeshaji wa rehani haitozwi kodi ya halmashauri (Council Tax), lakini halmashauri haitajua usipoiarifu. Malimbikizo ya kabla ya amri ya kufilisika huingia kwenye ufilisi. Dalali wa mahakama akibisha hodi kuyadai, mwonyeshe amri. Bili ya nyumba unayopanga sasa ni yako. Ukiwa mtu mzima pekee humo, omba punguzo la asilimia 25.

Hapa ndipo wengi huumia: posho ya serikali ya Universal Credit haigusi kodi hii. Punguzo la wenye kipato kidogo huombwa halmashauri, kwa ombi la peke yake. Liombe wiki hiyohiyo unayoomba Universal Credit. Shirika la ushauri la Citizens Advice husaidia bure kujaza fomu.